Rambirambi kutoka Kamanga

Nilipewa kazi kwa sababu ya sauti yangu. Bosi aliniambia hivyo waziwazi siku ya kwanza, tukiwa tumesimama katikati ya vyerehani vilivyokuwa vikinguruma.

"Una sauti inayomtuliza mtu," alisema. "Nakuweka mapokezi."

Nilifurahi. Nilikuwa nimetafuta kazi kwa muda mrefu na sikuwahi kufikiri kwamba sauti ni sifa mtu anaweza kuajiriwa nayo.

Kampuni yetu ya ushonaji ilikuwa ghorofani, Nyamagana, Mwanza, mtaa wa nyuma ya soko kuu. Chini yetu kulikuwa na duka la vitenge. Huko juu tulikuwa na chumba kirefu chenye safu mbili za vyerehani, meza kubwa ya kukatia karibu na madirisha, chumba cha kupimia chenye pazia, ofisi ya bosi, na mapokezi yangu: meza, benchi la wateja na simu ya kampuni. Nyuma palikuwa na uwazi mdogo ambako mama mmoja alitupikia chai na chakula cha mchana. Tulishona sare za shule, za hoteli, za kamati za harusi na za kwaya. Kazi ilikuwa safi. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mimi sikushona hata kifungo. Mteja akivaa nguo yetu alikuwa anajigeuza mbele ya kioo huku na huku, anajiangalia mgongo, halafu anatoka pale akitembea tofauti na alivyoingia.

Shida ilikuwa kuipata hiyo nguo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa bosi. Alikuwa fundi mkuu, Msukuma mrefu wa Misungwi, mtu wa mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa anakata kitambaa huku anasimulia hadithi, na mkasi haukukosea wala hadithi haikukatika. Mafundi wote walimpenda. Mimi pia nilimpenda siku ileile.

"Dada," aliniambia, "mteja akiuliza nguo yake, usiharakishe kujibu. Kwanza jua yuko hatua gani. Mpya, mwambie imebaki vifungo. Akirudi, mwambie iko kwenye pasi. Akirudi tena, umeme. Akianza kupandisha sauti, niite mimi."

"Na kama nguo haijakatwa?"

"Ndiyo maana nakwambia vifungo. Ukimwambia haijakatwa ataumia bure. Ukimwambia imebaki vifungo anarudi nyumbani na furaha yake. Sasa hapo nani ana roho nzuri, wewe unayemuumiza au mimi ninayemfurahisha?"

Nilitazama ofisi ya bosi, mlango ulikuwa wazi na alikuwa anasikia kila neno. Alikuwa anapiga mahesabu yake, hakuinua kichwa. Basi nikaelewa kwamba ndivyo tunavyofanya.

Bosi hakuwa mtu mbaya, hilo niliweke wazi. Alikuwa mama wa Kagera, Mlutheri wa kweli, aliyeanza na cherehani kimoja kwenye baraza la nyumba ya kupanga. Hakuwahi kumcheleweshea mtu mshahara. Mtoto wa fundi akiugua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika hospitali na chupa ya uji. Lakini neno "kesho" pale kazini lilikuwa halina uhusiano wowote na siku inayofuata, na yeye alilijua hilo kuliko sote.

Kwa wateja sugu, wale ambao umeme na vifungo havikuwatosha, kulikuwa na misiba. Kila fundi alikuwa na ndugu zake wa kufa kwa ajili ya kazi. Shangazi walikufa, wajomba walikufa, mashemeji walikufa na kufufuka na kufa tena kwa mteja mwingine. Fundi mkuu alikuwa mwangalifu zaidi. Alikuwa amemweka mama yake pembeni, hamtumii ovyo.

Mteja aliyemlazimisha kumtumia alikuwa mwenyekiti wa kwaya moja ya ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Alikuwa mama mnene, mfugaji na mkulima wa mpunga, anayecheka kirahisi. Alituletea vitambaa vya sare za kwaya nzima, kijani na nyeupe, kwa ajili ya jubilei ya parokia yao. Kila alipokuja kuulizia ilimbidi avuke na kivuko, apande ngazi zetu, akae kwenye benchi langu akihema, halafu asikie imebaki vifungo. Hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa anasema tu, "Haya mwanangu, Mungu awasaidie," anavuka tena kurudi kwake. Mimi ndiye niliyebaki nikimsikiliza akishuka ngazi.

Jumanne moja alipiga simu. Fundi mkuu alikuwa karibu yangu, akaichukua kwa upole mkononi mwangu. "Niachie huyu," alisema, akaenda nayo dirishani. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu ameinamisha kichwa, anaongea taratibu kama mtu ambaye hajalala. Aliporudisha simu uso ulikuwa umeshachangamka.

"Huyo hatapiga tena wiki hii," alisema.

Na kweli hakupiga. Alhamisi yake, asubuhi, fundi mkuu alikuja kazini akiwa amemshika mkono mama yake mzazi. Bibi alikuwa ametoka kijijini kupimwa macho, na miadi yake hospitali ilikuwa alasiri, kwa hiyo alikuja kukaa nasi amsubiri mwanae. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba," kisha kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka," akanishika kichwani kama mjukuu wake. Tulimkalisha kwenye benchi la wateja, tukampa chai na maandazi. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya ukungu na masikio makali mno.

Kabla ya saa sita nikasikia kuimba. Mwanzoni nilidhani ni redio ya duka la chini. Halafu wimbo ukaanza kupanda ngazi. Ulikuwa wimbo wa maziko, wa taratibu, sauti za kike juu na besi moja nzito ya kiume chini yake, na ngazi zetu za saruji ziliufanya ujae jengo zima. Vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Mlango ukafunguka, akaingia mwenyekiti wa kwaya, amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, na nyuma yake kwaya, karibu yote. Mmoja amebeba jogoo. Wengine wamebeba mchele, maharage, kapu la michembe ya viazi vitamu, na mzee wa besi amebeba fungu la kuni begani, kuni kabisa, amevuka nazo ziwa.

Walimaliza ubeti wao. Kisha mwenyekiti akanisogelea, akanishika mikono yote miwili.

"Poleni sana mwanangu. Tulisema hatuwezi kukaa kimya. Mtu anayetushonea ni ndugu yetu."

"Pole ya nini, mama?" niliuliza, na huku nauliza nikaanza kuelewa.

"Ya mama yake fundi."

Kutoka kwenye benchi, nyuma yao, ile sauti nyembamba ikauliza, "Fundi yupi?"

"Fundi mkubwa, mama," mwenyekiti alimjibu kwa heshima, akigeuka. "Yule mrefu anayekata vitambaa."

"Ana nini?"

"Amefiwa na mama yake, maskini."

Bibi aliweka kikombe chini. Aliwaza kidogo.

"Mama yake yupi? Maana mimi ndiye niliyemzaa."

Jogoo tu ndiye aliyeendelea kulalamika. Mwenyekiti alimtazama bibi, akanitazama mimi, akamtazama bibi tena.

"Nimekufa lini?" bibi aliuliza.

"Ju... Jumatatu usiku, mama."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Alisema presha."

"Mimi sina presha," bibi alisema, akionekana kuudhika zaidi na hilo kuliko na kifo chenyewe. "Wamenipima hata juzi." Kisha akainua sauti kuelekea kwenye meza ya kukatia. "Mwanangu! Njoo huku. Watu wamefika kunizika, na wewe mfiwa hujatokea!"

Fundi mkuu alijitokeza nyuma ya safu ya vyerehani, futi kamba shingoni, mkasi mkononi. Mtu mrefu yule alikuwa amekuwa mfupi.

Nilidhani kutakuwa na ugomvi. Lakini mwenyekiti alianza kutetemeka mabega, kwanza polepole. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kwaya nzima ikamfuata, na mafundi, na mimi, na bibi mwenyewe, akipigapiga goti lake. Mzee wa besi ilibidi atue kuni. Wenye duka la vitenge walipanda juu kuuliza kuna nini.

Kicheko kilipopungua, mwenyekiti alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Fundi," alisema, bado anatabasamu, "mimi sikuchukii. Lakini jana tulikusalia. Wale mama wawili pale walifunga kula. Huyu hapa ameuza kuku wake akapata nauli ya kivuko. Sisi tulilia kweli."

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi mkuu alitazama kuni zile sakafuni. Niliona macho yake yamejaa.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, sijui tangu lini.

"Fundi, ni kweli?" aliuliza.

"Bosi," alijibu kwa sauti ndogo, "si ndivyo tunavyofanya?"

Hakulisema kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Na bosi, ambaye angeweza kumfokea, au kumfukuza mbele za watu ili yeye abaki msafi, alitoka mlangoni akaja katikati yetu. Kisha akavua miwani.

"Ndivyo tunavyofanya," alisema. "Zimeni vyerehani. Fungeni mlango wa chini."

Suala la chakula lililetwa na bibi. Wanakwaya walikuwa wameanza kukusanya vitu vyao kwa aibu, akawazuia. "Chakula cha msiba hakirudishwi nyumbani. Nipikieni. Nitakuwa mtu wa kwanza kula matanga yangu mwenyewe." Basi kuni zikaenda kwenye ule uwazi wa nyuma, jogoo naye akaenda, na wanawake wa Kamanga wakaungana na mpishi wetu kana kwamba wamefahamiana miaka yote. Sisi tulisogeza vyerehani ukutani na kutandika mikeka.

Kikao chetu cha kwanza cha kweli cha kampuni kilifanyika hivyo, wali ukiwa mkononi, wateja wakiwa ndani. Bosi alitaka kila mtu aseme ukweli mmoja kuhusu kazi. Tulitazamana. Aliyeanza ni fundi mkuu.

"Bosi, naomba unisamehe, lakini wewe unapokea kila oda inayopanda ngazi. Hujawahi kumwambia mtu hapana. Mimi nina mikono miwili tu. Mikono ikiisha, nabaki na mdomo."

Watu waliinamia sahani zao. Nilimtazama bosi. Alikuwa amekunja uso, siyo kwa hasira, kwa kufikiri.

"Naogopa," alisema hatimaye. "Tangu nikiwa barazani na cherehani kimoja, naogopa mteja akitoka hatarudi."

"Wanarudi sana, bosi," binti wa overloki, ile mashine ya kukaza kingo za kitambaa, alisema kwa upole. "Wanarudi kila siku, kuulizia."

Bosi ndiye aliyecheka wa kwanza, na alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ya kitoto kabisa. Baada ya hapo kila mtu alisema lake. Mpiga pasi alisema anaona aibu kusali kanisa moja na wateja wetu. Mwingine alisema amebadilisha njia ya kwenda nyumbani ili asikutane na mama mmoja wa mtaani kwake. Mimi nilisema kwamba simu ikilia tumbo linanikata. Ilishangaza jinsi ilivyokuwa raha kusema.

Mwenyekiti wa kwaya alisubiri tumalize. "Sasa na mimi niulize. Sare zetu ziko wapi?"

Fundi mkuu alimeza mate.

"Hazijakatwa, mama."

"Ahaa. Na jubilei yetu ni Jumapili ya wiki ijayo. Zitakuwa tayari lini?"

"Kes..." alianza fundi kwa mazoea, na chumba kizima kikalipuka. Alijifunika uso. Kisha aliinuka, akaenda kwenye meza ya kukatia, akavuta vitambaa vya kijani, akavipima kwa macho, akahesabu vyerehani, akatazama oda nyingine zilizorundikana. Alirudi.

"Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Jioni. Kabla ya hapo siwezi. Ila hiyo naiweza."

Mwenyekiti alimtazama. "Hiyo ndiyo tarehe ya kwanza uliyonipa ambayo umeifikiria."

Kesho yake, na hii ilikuwa kesho halisi, kazi yangu ilibadilika. Bosi alikaa kando yangu nipigie simu kila mteja na kumwambia nguo yake ilipo. Nilipiga ya kwanza.

"Mama, suti yako haijaguswa."

"Haijaguswa?"

"Haijaguswa, mama. Itakuwa tayari Jumatano, siyo hii, inayofuata."

"Binti," akasema, "unaumwa?"

Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, bosi akawarudishia mwenyewe na kuwasindikiza mpaka chini. Lakini wengi walishangaa tu, kisha wakauliza tena ile siku ili waikariri. Fundi mkuu naye hakukaa bure. Alifunga kamba chini ya dari, kila siku ya juma na kamba yake, na kila oda ikawa na kipande cha kitambaa chake kimebanwa kwenye kamba ya siku yake. Kamba ikijaa, siku imejaa. Mteja akiingia alikuwa anaangalia juu na kuona mwenyewe. Chumba chetu kilipendeza, kama kimepambwa kwa sherehe.

Katikati ya wiki alikuja meneja wa hoteli moja ya kando ya ziwa, kijana nadhifu, mwenye haraka. Alitaka sare za wafanyakazi wote, oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na alizitaka Jumamosi hiyohiyo. Bosi alimkaribisha kiti. Nilimwona anatazama kamba ya Jumamosi, iliyojaa vipande vya kijani na nyeupe. Mafundi walikuwa wanajifanya kushona.

"Nakupa Jumamosi inayofuata," bosi alisema.

"Mama, sema tu ndiyo. Mambo mengine tutaongea mbele ya safari."

Hilo ndilo neno tulilokuwa tumeishi nalo miaka yote, na sasa lilikuwa limetoka kwa mteja. Bosi alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nikisema ndiyo nakudanganya wewe, au nawaacha watu wa Kamanga waimbe na nguo za nyumbani. Jumamosi inayofuata."

Meneja alitoka, na hakurudi. Napita pale hotelini mpaka leo, nawaona wahudumu na sare zilizoshonwa na wengine, na kola zimekaa vizuri tu. Siku ile bosi alibaki amekaa akitazama mlango, mikono imelala mapajani. Fundi mkuu aliacha mkasi, akamletea chai mwenyewe, akaiweka mbele yake. Halafu akarudi kukata, na nadhani hapo ndipo nilipojua kwamba sare zile zitakamilika hata iweje.

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika.

Tulisubiri. Saa zikaenda. Vyerehani vilikaa kama ng'ombe waliolala. Ilikuwa imebaki kupinda chini na kukaza mikono ya sare zote. Fundi mkuu alizunguka chumba, akaja mezani kwangu, akatazama simu.

"Nani ataniamini?" aliuliza. "Umeme! Nimeutumia huo umeme mpaka umechakaa."

"Piga tu," nilimwambia.

Alimpigia mwenyekiti wa kwaya. "Mama, shikamoo. Mama, nakuomba usikate. Umeme umekatika. Kweli kabisa. Ngoja, sikiliza mwenyewe." Akaielekeza simu kwenye vyerehani, mkono umenyooka. Chumba kizima kilizuia pumzi. Aliirudisha sikioni. "Umesikia nini?"

Sauti ya mwenyekiti ilitufikia sote. "Sijasikia kitu!"

"Ndiyo hivyo, mama!"

Tulisikia kicheko chake kikipasua ile simu. Kisha akauliza kimebaki nini, fundi akamweleza bila kupunguza. "Kupinda?" alisema. "Sisi tangu shuleni tunajua kupinda kwa mkono. Weka sindano tayari, tunavuka."

Walifika mchana, safari hii wakiimba nyimbo za jubilei. Tulikaa mchanganyiko sakafuni karibu na madirisha, wanakwaya, mafundi, bosi kavua viatu, mimi nikijichoma vidole kila baada ya pindo moja. Walikuwa wanafanya mazoezi huku wanashona, na walipofika kwenye kiitikio mafundi waliitikia. Mzee wa besi hakuweza kushona, basi alipewa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano, akaifanya kwa bidii kubwa huku amefumba jicho moja. Umeme uliporudi alasiri hakuna aliyeinuka kwenda kwenye cherehani mpaka wimbo ulipoisha.

Jumamosi, jua likiwa bado juu, sare ya mwisho ilitoka kwenye pasi. Mpiga pasi aliishika juu kwa mabega kama mtoto aliyebatizwa.

Tulialikwa wote kwenye jubilei. Tulivuka Jumapili asubuhi, ziwa limetulia, mawe ya Mwanza yanabaki nyuma yetu yakiwaka jua. Bibi alikuja pia kutoka kijijini, macho yake yameanza kutiwa dawa, na alipoingia kwenye uwanja wa kanisa mtu alipaza sauti, "Marehemu amefika!" Wakamkalisha mbele. Kwaya ilipoingia kwa mwendo ule wao wa kucheza, kijani na nyeupe, mapindo yote yakiruka kwa pamoja, nilimtazama fundi mkuu. Hakuwa anaangalia nyuso. Alikuwa anaangalia mabega, viuno, mishono, midomo inamtembea. Halafu akaacha kukagua, akaanza kupiga makofi.

Baada ya chakula alimfuata mwenyekiti, akaomba kusema naye. Sikusogea karibu. Nilimwona tu amepiga goti moja kwenye nyasi, mtu mrefu yule, na mwenyekiti anamwinua kwa kumvuta masikio kama mama anavyomfanyia mwanae, wote wawili wakicheka.

Imepita miaka kadhaa sasa. Fundi mkuu bado anasimulia hadithi huku anakata, na wateja wengine huja mapema ili wamsikilize. Bosi amejifunza kusema hapana; Desemba anaisema kila siku, na bado kila mara anameza mate kwanza. Tulipungukiwa na baadhi ya wateja, tukapata wengine, na mwaka huu tumefungua chumba kingine Butimba, karibu na chuo cha ualimu, na mimi ndiye msimamizi wake. Wanachuo ni wateja wagumu, wanataka kila kitu Ijumaa. Tunabishana nao, tunataniana, tunawapa siku wanayoweza kuipanga, wanaondoka wakinung'unika, wanarudi siku hiyo na nguo zao zipo. Asubuhi nafungua madirisha, mafundi wanaingia wakisalimiana, mtu anaanzisha wimbo, na nafanya kazi siku nzima nikiwa na tumbo limetulia.